Waliniita Mwa Mbuyi, Nikaitika

Siku walipoleta parki, kitanda cha mtoto cha kukunja, ilikuwa Jumanne, siku ya kufua. Maji yalikuwa yametoka tangu asubuhi, jambo ambalo kwetu Kikula si la kila siku, kwa hiyo wanawake wote wa lupango letu, nyumba nne za kupanga zenye ua mmoja, walikuwa nje na mabeseni yao, mapovu hadi kwenye viwiko, na mimi nilikuwa katikati yao na binti yangu Josée mgongoni, nikisugua mashati ya kazi ya mume wangu Glody. Jua lilikuwa zuri. Kamba za nguo zilijaa. Mama Marceline, jirani anayeuza makala, yaani mkaa, upande wa pili wa ukuta, alikuwa anaimba vibaya kama kawaida yake. Naanza na hapo kwa sababu nataka mjue kwamba sikutafuta kitu. Sikwenda kwa mganga, sikukanyaga kaburi la mtu, sikula cha mtu. Nilikuwa nafua.

Saa nne hivi pikipiki ikasimama barabarani. Mama mkwe wangu, Mama Suzanne, akashuka akiwa amekumbatia mfuko mrefu mweusi, mzito, wenye mishipi miwili.

"Odi!"

"Karibu, mama."

"Nakuletea kintu ya Bulaya," akasema. "Yaya yako Danielle anakutumia. Kule kwake inakaa bure."

Danielle ni dada mkubwa wa Glody. Anaishi Shituru, kwenye nyumba za kampuni, mume wake ni msimamizi kiwandani, na vitu vyao vyote vinatoka Ubelgiji kwa shemeji yake. Mimi na yeye hatukuwa na maneno mengi. Nilimjua kuwa ana binti mmoja wa miaka miwili, Christiane, mwembamba, mwenye macho makubwa. Mmoja. Ndivyo nilivyojua, kwa sababu Glody alinioa mwaka jana tu, na kabla ya hapo Danielle alikuwa anaishi Kolwezi, na katika familia hii hakuna mtu anayekuambia kitu mpaka kikuume.

Glody alikuwa kwenye siku yake ya kupumzika. Akaitoa ile parki kwenye mfuko, akaisimamisha sebuleni kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi, nami sikujiuliza alijifunzia wapi. Unavuta kingo nne juu mpaka kila moja ilie ta! Kisha unabonyeza katikati ya sakafu, miguu inakaza. Kuta zake ni wavu mtupu. Juu yake unabandika kitanda kidogo cha kitambaa, kwa kulabu nne, mtoto mchanga analala hapo, usawa wa kiuno chako, huinami. Pembeni ya kitanda kuna ubao wenye plastiki laini, unaugeuza, unakaa, hapo ndipo unabadilishia pampasi. Mtoto akikua unaondoa kile kitanda cha juu, anacheza chini. Miguu miwili ina magurudumu. Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu kizuri kama kile. Nakubali, nilifurahi kama mjinga.

"Na haiwezi kumufungia mutoto," Glody akaniambia. Akamlaza Josée ndani, akavuta mshipi wa katikati kwa nguvu zote. Parki ikakataa kukunjika. "Unaona? Ikisikia uzito, inakatala. Mpaka iwe tupu."

Nilirudi kwenye beseni langu. Hapo ndipo mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni, na kupaza sauti ili ua mzima usikie.

"Ile kitanda ni ya batoto babili, mweye! Mwa Mbuyi!"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka. Mniruhusu niseme jambo hapa kabla hasira haijanishika. Baba yangu alikuwa mtu wa Kasai, alikufa mimi nikiwa na miaka minne, mama yangu si wa huko, nimekulia katika Kiswahili na Kifaransa cha shule ya masista. Kasai yangu ni ya jina kwenye kadi. Tshiluba changu, lugha ya huko, ni maneno sita, na mojawapo ni lile ambalo kila bibi wa Kasai humfundisha mtoto: mtu mzima akikuita, huulizi nini, unaitika Eyo.

"Mwa Mbuyi!"

"Eyo, mama!"

"Mwa Mbuyi!"

"Eyo!" Nikapunga mkono wenye mapovu, wenzangu wakapiga makofi.

"Mwa Mbuyi!"

"Eyo, mama, niko hapa!"

Akanijia mbio. Alikuwa na udongo mweupe kwenye kiganja, sikuona aliutoa wapi, akanipaka kwenye paji la uso, akapiga vigelegele. Baraka, nikadhani. Nikamwambia akae, nimpe hata maji. Hakunywa. Hakukaa. Alipanda pikipiki ileile iliyomleta, iliyokuwa ikimsubiri bado inaunguruma.

Upande wa pili wa ukuta, Mama Marceline alikuwa ameacha kuimba.

*

Wiki ya kwanza Josée alilala vizuri ajabu. Alikuwa na miezi mitatu, nikimlaza saa saba mchana ananiacha mpaka saa tisa, nafua, napika bukari, ugali wetu, napumzika. Niliwaambia wenzangu kwamba vitu vya Bulaya ni vya Bulaya.

Jumatano ya wiki ya pili nilimlaza kwenye kitanda cha juu kama kawaida. Nilitoka uani kuanua nguo. Dakika kumi, labda chini ya hapo. Niliporudi, Josée alikuwa kwenye ubao wa pampasi.

Amelala chali. Mikono imenyooka pembeni. Macho wazi, halii.

Mtoto wa miezi mitatu hageuki. Na kutoka kitandani hadi kwenye ubao kuna ukingo wa kuruka. Nikamnyakua, nikazunguka nyumba, hakuna mtu. Mlango nilikuwa nautazama muda wote kutoka kwenye kamba. Basi nikajilaumu mwenyewe, kama mnavyofanya nyote: Orpha, umechoka, ulimbadilisha ukamsahau hapo, angeanguka, mama gani weye. Nilijitukana mchana mzima.

Nilipotaka kumrudisha kitandani, nikaweka kiganja kwenye godoro. Lilikuwa na joto. Si upande ambao nilimlaza. Upande wa pili, miguuni, kulikuwa na shimo la kichwa.

Ijumaa, tena. Jumamosi, tena. Kila mara mchana, jua kali, redio ya jirani inaongea, watu wanapita. Nageuka kukoroga chungu, nageuka tena, mtoto wangu yuko kwenye ubao, kwenye ukingo kabisa, kama mtu aliyesukumwa ili mwingine apate nafasi. Nikaanza kumfunga na mkanda wa ubao. Nikaanza kukaa naye. Lakini nani anaweza kukaa bila kupepesa macho? Unakwenda choo. Unafungua mlango kwa mwenye kuuza mboga. Inatosha.

Na Josée akaanza kukauka. Shingo yake ikawa kama ya ndege. Alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi tu. Alikuwa ananyonya kidogo, anaacha, anatazama juu ya bega langu. Kwenye zahanati waliniambia minyoo, wakanipa dawa ya maji. Nilimwambia Glody. Akasema joto. Nikamwambia kuhusu ubao. Akasema usingizi wangu ni mbaya.

Hakunitazama aliposema hivyo.

*

Jumatatu, karibu mwezi tangu parki ije. Saa nane mchana. Nilikuwa jikoni, hatua nne kutoka sebuleni, naosha sahani mbili. Sahani mbili tu.

Nikageuka. Josée hayuko juu. Hayuko kwenye ubao.

Nikaangalia chini ya viti. Nikaangalia nyuma ya mlango. Nikaita, kana kwamba angeitika. Kisha nikasikia pumzi yake.

Alikuwa ndani ya parki. Chini. Chini ya kitanda chake mwenyewe, kwenye giza lile dogo ambalo kitambaa cha juu hulifunika. Kulabu zote nne zilikuwa zimefungwa. Mkono wangu haupiti hapo. Hata paka hapiti. Nilipiga magoti, nikaweka uso kwenye wavu. Alikuwa ananiangalia mimi, kisha anaangalia juu. Mimi, kisha juu.

Nikaangalia juu.

Kitambaa cha kitanda kilikuwa kimebonyea. Kilishuka katikati kwa uzito wa kitu. Niliona mviringo wa kichwa. Niliona mgongo. Kwenye mwisho, kitu kidogo kama kisigino kilisukuma kitambaa. Kikatulia. Kikasukuma tena.

Nilisimama. Kitanda cha juu kilikuwa tupu. Shuka la maua, limenyooka.

Ningefanya nini? Niambieni, mnaojua vitu. Mtoto wangu alikuwa chini na njia ilikuwa moja. Nikafungua kulabu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilipofungua ya nne kile kitanda kitupu kilinivuta mikono, na uzito uliokuwa ndani ukabingirika kutoka upande huu hadi ule, ukagonga kifundo cha mkono wangu.

Nilikiweka sakafuni. Taratibu. Sijui kwa nini nilikiweka taratibu.

*

Glody alitoka kazini saa kumi. Alinikuta kwenye ngazi ya mlango, Josée kifuani, sijaingia ndani. Nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Alikaa. Akavua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Siku ile mama alikuita," akasema polepole. "Uliitika?"

"Nini?"

"Mwa Mbuyi. Uliitika mara ngapi?"

"Mara tatu. Glody, ni kitu gani?"

Akaanza kulia. Mwanaume mzima, na kiatu mkononi. Nilimuuliza mara kumi, akasema tu, "Usiniulize, Orpha, nilibakatazaka, balikatala kunisikia." Aliwakataza! Alijua. Alijua siku ileile alipokuwa anabonyeza katikati ya ile parki na kunionyesha jinsi inavyofanya kazi. Nilimwambia asilale karibu na mimi, na hadi leo yanapoandikwa haya analala sebuleni kwenye kochi.

Asubuhi nilikuwa uani na kila kitu changu cha thamani mgongoni. Mama Marceline akachungulia juu ya ukuta, uso mweusi kwa vumbi la makala.

"Mwa Mbuyi! Batoto baliamuka?"

Nilikuwa sina mchezo. "Mama Marceline, usiniite ile jina."

"Eeh! Shi uliitika weye mwenyewe? Niliisikia na masikio yangu. Mwezi muzima unatuonyesha mumoja tu. Mwingine unamuficha juu ya nini, unaogopa macho yetu? Makala yangu inaroga?"

"Mwingine gani?"

Akanitazama. Mzaha ukamtoka usoni kidogo kidogo. Akazunguka ukuta, akaja, akanishika kiwiko.

"Mutoto yangu, weye haujue?" Akashusha sauti. "Mbuyi ni wa kwanza wa mapasa, batoto babili ba tumbo moja. Wa pili ni Kabanga. Mwa Mbuyi njo mama wa mapasa, hatuitane vile kwa mchezo. Mama wa mapasa akikosa nguvu, tata zetu wa zamani walifanyaka hivi: wanatafuta mwanamuke mwingine mwenye maziwa. Wanamupelekea kitanda ya mutoto. Wanamuita mbele ya bantu. Akiitika mara tatu, amekubali. Amempokea."

"Amempokea nani?"

"Ule asiyekuwa na nguvu ya kukaa," akasema. "Ao ule hataki kwenda."

*

Nilitaka kuirudisha ile parki kwao, niitupe mlangoni. Nilitoa kitanda cha juu, nikatoa ubao, nikatoa godoro, hakikubaki kitu ndani, nyavu na vyuma tu. Nikavuta mshipi wa katikati.

Ilikataa.

Nikavuta, mguu mmoja nimeukaza ukutani. Nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Ilikuwa tupu na ilikataa. Basi nikaiacha, nikamfunga Josée mgongoni kwa kitenge, nikakaza mafundo mawili, mikono yake yote miwili nikaiingiza ndani kwa sababu kulikuwa na upepo, nikapanda pikipiki. Njia nzima hadi Shituru dereva alikuwa anasema, mama, kaa katikati, unanielemea upande mmoja.

Saa nne asubuhi. Waliketi barazani kwenye ile nyumba ya kampuni, wanakula mikate na chai: Mama Suzanne, Danielle, na Christiane mdogo juu ya kigoda. Mtoto alikuwa amenenepa. Mashavu! Mwezi mmoja tu nyuma alikuwa mifupa. Nilipoyaona yale mashavu kitu kikapasuka ndani yangu, na sikusalimia. Mara ya kwanza maishani mwangu niliingia kwa wakubwa bila salamu.

"Yaya Danielle. Ulizaa wangapi?"

Danielle akaweka kikombe chini.

"Orpha, mais... ni namna gani ya kuingia hii?" mama mkwe akasema. "Masista hawakukufundisha adabu?"

"Balinifundisha. Balinifundisha kuitika mukubwa akiniita. Ulizaa wangapi, yaya?"

"Babili," Danielle akanong'ona.

"Na wa pili alikufa."

"Hakufa!" Mama Suzanne akasimama. "Pasa hafi kwetu. Mutoto alienda kutafuta chumvi. Usiseme ile neno hapa."

"Basi amerudi na chumvi yake, mama, na hakukuta kitanda yake! Mumemuchukua, mumemutia ndani ya mfuko, mumenitumia minye kama kolis ya posta!"

Danielle alianza kuongea haraka, macho chini. Kwamba ilikuwa Kolwezi, homa, siku mbili, miezi minane alikuwa nayo. Kwamba baada ya hapo Christiane, ambaye jina lake la kweli ni Mbuyi, alianza kugawa chakula chake. Nusu mdomoni, nusu chini ya meza. Nusu ya maziwa anamwaga kwenye ile parki. Kwamba alikuwa anakauka. Kwamba maombi yalifanyika, mafuta yalipakwa, pasta alikuja mara tatu.

"Tangu ile kitanda ilitoka hapa, anakula sahani muzima," akasema. "Ungefanya nini, weye?"

"Na wangu? Muangalie! Wangu anakauka sasa!"

"Najua." Alilia, lakini alisema. Hilo sitamsamehe, kwamba aliweza kulisema. "Najua, Orpha. Minye niko mama ya wangu."

Nilisimama katikati ya ile baraza. Nilivuta pumzi. Kama neno lilinifunga, neno litanifungua, ndivyo nilivyofikiri, nami nikapaza sauti ili nyumba zote za kampuni zisikie.

"Mwa Mbuyi!"

Danielle alitazama sakafu.

"Mwa Mbuyi! Itika!"

Alichukua ncha ya kitenge chake, akaisukuma mdomoni, akaiuma. Mama mkwe akawa anamshika mabega kutoka nyuma, anamwambia, nyamaza, mutoto yangu, usifungue kinywa, nyamaza.

"Jina lake ni nani?" nikauliza. "Mutaje basi. Mutaje mara moja tu, mutoto wako."

Mama yake hakulitaja. Bibi yake hakulitaja.

"Kabanga," akasema Christiane kwenye kigoda chake, mkate mdomoni. Alikuwa anatazama juu ya bega langu la kushoto. Akatabasamu, akanyoosha kipande cha mkate hewani, juu, kumpa mtu.

Kitenge changu kikashuka. Fundo likanikaza kifua. Uzito uliongezeka mgongoni, polepole, kama mtu anayepanda.

Mikono ya Josée ilikuwa ndani ya kitenge. Yote miwili. Nilikuwa naihisi, vingumi viwili kwenye uti wa mgongo wangu.

Mkono wa tatu ulinishika kola.

Mdogo. Baridi. Vidole vilifunga, vikafungua, vikafunga, kama watoto wanavyofanya wakiona mtu wanayemjua. Nilimwona Danielle akiuona. Kitenge kikamdondoka mdomoni. Uso wake ulifunguka, nawaapia, ulifunguka wote, alipiga hatua, akainua mkono wake ili aushike ule mkono.

Na vidole vile vikaniachia kola. Vikanyooka kwake.

Danielle akaurudisha mkono wake. Akauficha nyuma ya mgongo.

Nilihisi vile vidole vikingoja hewani. Sijui vilingoja muda gani. Kisha vikarudi kwenye kola yangu, vikashika kwa nguvu, na shingoni pangu kukaanza kulowa.

Hapo hasira yangu iligeuka. Nilikuja nikimchukia yule mtoto. Nilikuja tayari kuchoma parki pamoja na yeye ndani. Lakini nilisimama pale, na mtoto wa miezi minane akilia bila sauti kwenye shingo yangu, mbele ya mama yake na bibi yake ambao walikuwa wamebanana ukutani na kikapu cha mikate katikati yao, na nikaona nani ni mchawi. Si yeye. Yeye alitaka kitanda chake. Alimsukuma Josée kwa sababu pale palikuwa na nafasi ya mmoja, na hakuna mtu aliyemtengea mahali, popote, tangu siku aliyowekwa chini.

"Eyo," nikasema.

Hakuna aliyekuwa ameniita.

"Usirudi hapa," Mama Suzanne akaninong'oneza. "Tafadhali, mutoto yangu. Usirudi naye hapa."

*

Nilirudi Kikula. Nilimwambia Glody atafute kitanda cha pili, akatafuta, siku hiyohiyo, bila swali. Josée analala humo sasa, chumbani kwangu. Kitanda cha juu nilikirudisha kwenye kulabu zake nne, nikatandika shuka safi, nikasema kwa sauti, mchana, mlango wazi: Kabanga, hapa ni pako, na yule ni mdogo wako, usimguse. Nanunua kofia mbili. Soksi jozi mbili. Mama Marceline ananiita Mwa Mbuyi juu ya ukuta, na naitika, na hacheki tena.

Tangu siku hiyo Josée hajatoka alipolazwa. Alianza kunyonya ndani ya siku tatu. Shingo yake ikajaa. Sasa ana miezi mitano, anapiga kelele kama mama yake.

Wifi yangu alituma salamu kwenye simu, na mchoro wa moyo. Sikujibu. Mama mkwe anaambia watu kanisani kwamba ninapika uchawi nyumbani kwangu. Aseme. Aje aseme huku.

Juzi ilikuwa siku ya kupima watoto. Nilikaa kwenye benchi na wengine, zamu yangu ikafika, Josée akapimwa: kilo sita na nusu, muuguzi akafurahi, akachora nukta yake kwenye fishi ya uzito. Kisha akaniambia nimnyonyeshe kidogo, aone anavyoshika.

Nilifungua blauzi. Muuguzi akainama. Akakunja uso.

"Pole, mama. Mutoto ameota meno mapema hivi?"

"Hapana."

Aliosha mikono, akaingiza kidole kwenye mdomo wa Josée, akazungusha juu, akazungusha chini. Ufizi mtupu. Akaangalia tena titi langu la kushoto. Chini ya chuchu kulikuwa na mistari miwili midogo, myekundu, imekaribiana, mmoja bado unatoa maji.

"Na huku kushoto anapenda kunyonya?" akauliza.

"Kushoto hajawahi kugusa tangu mwezi jana," nikamwambia. "Anashika kulia tu."

Muuguzi akalibonyeza lile la kushoto kwa kidole. Titi lile lilikuwa laini, limetoka kunyonywa.